Kuni Chini ya Makufuli Matatu

Stoo ya Mzee Muharami ilikuwa na makufuli matatu, na ndani yake hamkuwa na kitu kingine ila kuni. Televisheni yake ililala sebuleni dirisha likiwa wazi. Pikipiki yake ililala nje, chini ya mwanga wa taa ya jirani. Lakini kuni zililala ndani ya matofali, nyuma ya mlango wa chuma, na funguo zake tatu zilining'inia shingoni mwa mzee mwenyewe mchana na usiku, hata alipokwenda kuoga.

Msimcheke bado. Mzee Muharami alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha kuchambua pamba kwa miaka thelathini na moja, na alistaafu bila kupoteza robota hata moja. Kichwani mwake vitu vyote vya duniani vilikuwa vya aina mbili tu: vilivyofungiwa na vilivyoibwa. Na hizi hazikuwa kuni za kuchemshia chai. Huu ulikuwa mjohoro alioupanda kwa mkono wake siku ile Nusrat, mtoto wake wa pekee, alipozaliwa. Aliupanda uani, kati ya nyumba na lile jabali kubwa linalotazama ziwa, akaumwagilia kwa maji ya kuchota, akaufukuzia mbuzi mpaka ukawa mti. Nusrat alipofika miaka minne akamfungia bembea kwa waya mbili kwenye tawi la chini.

Kwa hiyo ndugu wa Abdillah, mchumba wa Nusrat, walipovuka ziwa kutoka Sengerema kuja kuleta posa, Mzee Muharami alisimama mbele ya watu ishirini, akaunyooshea mti kidole.

"Huo nimeupanda siku aliyozaliwa," alisema. "Na huo ndio utakaompikia pilau ya harusi yake. Kuni nyingine haitaingia jikoni siku hiyo."

Baba yake Abdillah, Mzee Shaibu, alikuwa mtu mpole mwenye duka la vifaa vya sherehe. Akasema kwa adabu kwamba yeye anayo majiko makubwa ya gesi, manne, na anaweza kuja nayo bila shida.

"Gesi?" alisema Mzee Muharami, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa amwoze binti yake kwa simu. "Hapana, mkwe. Tutakula mti."

Watu walipiga makofi. Harusi ikapangwa mwezi wa kumi na moja, na mwezi wa tatu, mvua za masika zikiwa ndiyo zimeanza, mjohoro ukaangushwa.

Hapo ndipo mzee alipofanya mambo yake kitaalamu. Shina na matawi manene yaliyonyooka aliyakata kwa urefu mmoja, akayapanga stoo juu ya sakafu ya saruji kwa mistari iliyonyooka kama ya wanafunzi wa gwaride. Hakuyapasua. Gogo zima, alieleza, ni zito kuibwa, na ni rahisi kulihesabu kuliko vipande vinne. Magamba nayo hakuyatoa, kwa kuwa ni kinga. Kisha akayafunika yote kwa turubai la nailoni, juu mpaka chini, akakandamiza pembe zake kwa mawe. Stoo haikuwa na dirisha. Wezi, kama ujuavyo, hupenda madirisha.

Yalibaki matawi yaliyopinda. Haya hayakukubali kupangika, yaliharibu mistari, kwa hiyo mzee akayarusha nje ya ukuta, juu ya jabali. Tawi la bembea lilikuwa mojawapo. Lilikuwa limepinda kuliko yote.

Nyuma ya ukuta huo aliishi Sabina, mwanamke wa Ukerewe aliyebanika samaki na kuwauza sokoni. Alitokeza kichwa mchana uleule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Haya matawi unayahitaji?"

"Taka hizo. Chukua zote, utanisafishia jabali."

Sabina alishukuru, akaleta shoka. Aliyapasua matawi mpaka yakaonyesha moyo wake mwekundu. Akapanga mawe juu ya jabali, akalaza kuni juu ya mawe, safu moja ikienda huku na nyingine ikienda kule, pakiwa na uwazi wa kupitisha mkono. Juu yake akaweka kipande cha bati kuukuu. Pembeni akaacha wazi. Mchana jabali lilipata moto mpaka huwezi kulikanyaga pekupeku, na jioni upepo wa ziwa ulipita katikati ya zile kuni ukitoka upande wa pili.

"Mwone yule," Mzee Muharami alimwambia mkewe. "Anaanika kuni kama dagaa."

Bimdogo, mkewe, alikuwa anachambua mchele. "Na dagaa wake huwa wanakauka," alisema.

Siku moja Sabina alijipa moyo, akamwambia mzee kwamba ameona alivyozifunika kuni zake, na kwamba kuni zinataka upepo. Mzee alicheka kwa huruma. Akamwambia kwamba amefunika robota za pamba kabla hata Sabina hajajua kuwasha jiko, na hakuna robota iliyowahi kulalamikia upepo.

"Pamba ilikuwa inakuja stoo imeshakauka, Baba Nusrat," Bimdogo alisema walipobaki wawili. "Huo mti juzijuzi tu ulikuwa na ndege."

Lakini mzee alikuwa na ushahidi. Kila Jumamosi alifungua makufuli matatu, akainua pembe moja ya turubai, akapitisha kidole upande wa ndani. Kidole kilirudi kimelowa. Matone yalikuwa yamejaa kwenye nailoni kama jasho usoni. Mzee aliyatazama kwa furaha kubwa, kwa sababu kwa akili yake nailoni ilikuwa inayavuta maji kutoka kwenye kuni. Kwamba matone yaleyale yalirudi kudondokea magogo kila usiku ni jambo ambalo hakulifikiria, maana usiku stoo ilikuwa imefungwa.

Wiki mbili kabla ya harusi, mzee alizunguka nyumba yake akiitazama kwa macho ya wageni. Aliona rangi mpya, aliona maua, aliona maturubai ya kukodi. Kisha akaona kuni za Sabina juu ya jabali. Kwa miezi minane Sabina alikuwa akizitumia kidogo kidogo, akiongeza na nyingine za kuokota, lakini zilizobaki zilikuwa bado rundo la kutosha kuharibu mandhari.

Alimwita ukutani, akamwambia azitoe, maana wakwe watapiga picha hapo ziwa likionekana nyuma, na haitapendeza taka zikaonekana.

Sabina aliligeukia rundo lake. "Nitazitoa, mzee. Sasa nitaziweka wapi? Huko stoo kwako hakuna nafasi?"

"Stoo si ya taka, mama."

"Sawa, mzee."

Akazitoa siku ileile. Jumanne ya wiki ya harusi mvua za vuli zikaanza, na hazikupumzika mpaka Ijumaa jioni. Kila kijiti kilichokuwa nje kililowa, kuanzia ufukweni mpaka kwa wauza kuni wa Buhongwa. Mzee Muharami alisimama barazani akizipapasa funguo shingoni, akaona fahari ambayo hata kiwandani hakuwahi kuiona. Dunia nzima ilikuwa inalowa isipokuwa stoo yake.

Mpishi wa harusi alikuwa Maulida, mwanamke mkubwa mwenye sauti kubwa, ambaye amepika nusu ya harusi za mji huu na kugombana na wenye harusi karibu wote. Ijumaa alikuja na masufuria yake, akaomba magogo mawili ayajaribu.

"Zitafunguliwa kesho alfajiri," mzee alimjibu, "mbele ya mashahidi."

"Mzee, mimi najaribu kuni, sizindui hospitali."

Mzee hakutikisika. Asubuhi baada ya sala, alisimama mbele ya stoo akiwa na kanzu mpya nyeupe, nyuma yake wapishi, majirani na mashangazi. Akafungua kufuli la kwanza, la pili, la tatu. Akavuta turubai.

Kwanza ilitoka harufu. Ilikuwa harufu ya kisima kilichofunikwa muda mrefu. Kisha watu wakaona magogo, yamenyooka katika mistari yake, yakiwa na ukungu mweupe kwenye ncha. Kwenye safu ya chini, iliyolala juu ya saruji, uyoga ulikuwa umeota vizuri kabisa.

Maulida aliinama, akachukua vipande viwili vyembamba kuliko vingine, akavigonganisha. Kuni kavu hulia ko, ko, zikigongana. Hizi zilisema bu.

"Mzee," alisema Maulida, "hizi bado zinaishi."

"Ni unyevu wa juu tu huo. Washa, utaona."

Wakapasua, wakawasha. Ziliwaka kama mtu anayeitikia wito asioutaka. Kutoka kwenye ncha za magogo yakaanza kutoka mapovu, yakichemka na kuzomea, na moshi ukapanda mzito wa rangi ya maziwa, ukaenea uani, ukaingia sebuleni, ukapanda ghorofani alikokuwa akipambwa bibi harusi. Mashangazi walilia. Wapishi walilia. Mtu wa kupiga picha aliomba kuhamia mtaa wa pili.

"Ni moshi tu," mzee alisema akifuta macho. "Utaisha."

Ilipofika saa mbili na nusu, maji ya sufuria la kwanza yalikuwa vuguvugu. Maulida aliweka mwiko chini.

"Mzee, nikueleze kitu. Moto huu unachemsha maji yaliyomo ndani ya kuni. Ya kwenye sufuria langu yanasubiri zamu. Kwa mwendo huu wageni watakula kesho kutwa."

"Tumwagie mafuta ya taa."

"Pilau yangu inuke taa? Niue kwanza."

Simu ikalia. Alikuwa Mzee Shaibu, mwenye furaha, nyuma yake pakisikika honi ya kivuko.

"Mkwe! Ndiyo tumeondoka Kamanga. Tunauona moshi wenu kutoka huku majini. Mmeshika kazi kweli! Mti unapika!"

"Unapika," alisema Mzee Muharami. "Karibuni sana."

Alikata simu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliogopa watu aliowaalika mwenyewe. Wangefika mia mbili na kukuta mchele mbichi, na mmoja wao, kwa upole, angetaja gesi. Na Nusrat angeondoka kwenda Sengerema akiwa binti wa mtu ambaye neno lake lilishindwa kuchemsha maji.

Bimdogo alimjia, macho mekundu, mtandio umefunika pua.

"Nenda kwa Sabina," alisema.

"Bimdogo, kuni za yule mama nimeziita..."

"Najua ulivyoziita. Nilikuwa jikoni, si Bukoba. Nenda."

Akaenda. Ukuta ule ambao miaka yote aliongea na jirani kwa juu yake, leo aliuzunguka kwa miguu, akiwa na kanzu nyeupe, akikwepa madimbwi. Sabina alikuwa mlangoni, amevaa gauni lake la harusi, kwa kuwa naye alialikwa.

"Shikamoo, mzee. Mbona umekuja kunifuata, mimi nilikuwa nakuja?"

"Marahaba." Mzee alitazama chini. "Mama, zile... zile kuni zako. Zimebaki?"

Sabina alimtazama kanzu, akatazama ule moshi uliokuwa ukipita juu ya ukuta, akaelewa yote. Mzee aliona kwamba ameelewa, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Zimebaki," alisema Sabina. "Ukitaka uzione, itabidi uiname."

Zilikuwa chini ya vitanda viwili. Zilikuwa nyuma ya kabati, na kwenye ukuta mzima wa chumba cha watoto, zimepangwa na uwazi wake uleule, mpaka watoto walikuwa wakilala ubavu, wamebanana. Mahali pengine pa kuziweka hapakuwapo. Mzee Muharami, aliyekataa kumpa nafasi ya hatua mbili stoo, akapiga magoti sakafuni, akaingiza kichwa chini ya kitanda cha jirani siku ya harusi ya mwanawe, akaanza kuvuta kuni.

Zilikuwa nyepesi. Hilo ndilo lililomshangaza. Zilikuwa zimepasuka nyufa kwenye ncha, na zilipogongana zililia kama vikombe. Magamba yalibanduka yenyewe. Alizijua, kwa rangi ya moyo wake, kwamba ni za mjohoro wake.

"Hizi ni..."

"Taka zako, mzee," alisema Sabina. "Na kama usingenifukuza juu ya jabali, mvua ya wiki hii ingezikuta huko. Kwa hiyo asante."

Mzee alitafuta uso wake kuona kama anamcheka. Alikuwa anamcheka kidogo, lakini si kwa ubaya.

"Mama, nikulipe nini?"

"Chukua zote," Sabina alisema. "Utanisafishia nyumba."

Kwenye kona ya mwisho, nyuma ya ndoo, palikuwa na tawi moja zima, halikupasuliwa. Limepinda. Mzee alilivuta kwenye mwanga, akaona alama mbili zilizozama kwenye mti, pale waya zilipouma mwaka baada ya mwaka. Akakaa chini hapohapo na kanzu yake.

"Hilo sikulichoma," alisema Sabina taratibu. "Niliona alama za waya, nikajua mtoto alibembea hapo. Nikasema wenyewe watakuja kuliulizia."

Hakuna aliyeliulizia. Mzee alikuwa ameweka chini ya makufuli matatu kila kipande cha mti ule kilichokuwa kimenyooka, na kile ambacho mtoto wake alibembea chini yake akicheka, alikirusha nje ya ukuta kwa sababu kiliharibu mstari. Aliumia, na hakuwa na mtu wa kumlaumu.

Wakasaidiana kubeba, yeye na Sabina na wapishi wawili. Maulida alipokea kipande cha kwanza, akakigonga na cha pili, akasikiliza. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Akavuta yale magogo yaliyokuwa yanatoa povu, akayatupa pembeni, akaweka za Sabina. Moto ukashika kama uliokuwa ukisubiri kuitwa. Robo saa haikupita, sufuria la kwanza likaanza kuchemka. Moshi ulipungua, ukawa uzi, ukaisha kabisa. Bibi harusi akapambwa upya.

Wakwe, waliopitia kwanza kwa jamaa zao wa mjini kubadili nguo, waliingia saa tano na nusu kwa vigelegele. Mzee Shaibu, kama mtu wa biashara ya sherehe, alikwenda moja kwa moja kukagua jiko.

"Mkwe, mbona sasa hamna moshi? Tukiwa kwenye kivuko tulidhani mnachoma mji."

"Kuni kavu hazina moshi," alisema Maulida, na hakusema zaidi, jambo ambalo kwake lilikuwa zawadi kubwa ya harusi.

"Kweli mti umepika!" Mzee Shaibu alimshika mwenzake bega. "Mimi nilidhani ni maneno tu ya siku ya posa. Hebu niambie, zimekaukaje hivi? Ni ile stoo? Ni makufuli?"

Watu walikuwa wengi pale. Sabina alikuwa anapita na sinia la sambusa, na akapunguza mwendo. Mzee Muharami alifungua kinywa, na neno makufuli lilikuwa tayari kwenye ulimi. Akalimeza.

"Ukitaka kuni zikauke, mkwe," alisema, "mpe jirani yako kisha umtukane. Hizi ni za huyu mama. Zangu zile pale, zina uyoga."

Mzee Shaibu alicheka sana, akidhani ni utani. Sabina hakucheka. Alimwongezea Mzee Muharami sambusa mbili.

Likabaki sufuria la mwisho, lile la sinia la maharusi. Mchele ulikuwa umeiva nusu na ulitaka makaa ya kupalia juu ya mfuniko, makaa mazito yanayodumu. Kuni za Sabina zilikuwa zimekwisha. Maulida alitazama huku na huku, akaliona tawi lililopinda, ambalo mzee alikuwa ameliegemeza ukutani mbali na moto.

"Hilo ndilo," alisema.

"Hilo hapana."

"Mzee, hapa hakuna kingine. Yale magogo yako hayatoi makaa, yanatoa masizi. Au sufuria la mwanao ndilo liive nusu?"

Ghorofani walikuwa wanaimba. Nusrat alikuwa anacheka, na kicheko chake hakikuwa kimebadilika tangu alipokuwa na miaka minne. Mzee Muharami alilichukua tawi mwenyewe. Alipitisha kidole gumba kwenye alama moja ya waya, kisha kwenye ya pili. Kisha akachutama na kanzu yake iliyochafuka, akaliweka motoni kwa mikono miwili.

Lilishika papo hapo. Liliwaka kwa mlio mdogo mkavu, likageuka jekundu kuanzia nchani mpaka pale lilipopinda, na likatoa makaa ambayo Maulida aliyachota kwa koleo na kuyapanga juu ya mfuniko bila neno lolote la lawama.

Bimdogo alikuja na kigoda, akakiweka karibu naye. Akaona mashavu ya mumewe yamelowa.

"Moshi, Baba Nusrat?"

"Moshi," alisema mzee.

Bimdogo akautazama ule moto. Ulikuwa safi, mwekundu, na juu yake ulionekana ukuta, na nyuma ya ukuta jabali lililofagiwa vizuri kwa ajili ya picha.

"Ndiyo," alisema, akajifuta na yeye kwa ncha ya mtandio. "Leo moshi ni mwingi."